Sindano Niliyoikataa

Kama leo umeambiwa kwamba kifua kikuu chako ni kile sugu, tafuta kwanza mahali pa kukaa. Mimi niliambiwa nimesimama, kwenye korido ya kliniki mjini Sumbawanga, nimekumbatia bahasha ya picha ya kifua changu, na miguu ikaniishia nguvu palepale. Mume wangu Deusi alinidaka mkono. Waliokuwa wanasubiri kwenye mabenchi waliinuka kutusaidia, halafu wakakumbuka tuko kliniki ya nini, wakakaa tena. Sikuwalaumu. Hata mimi ningekaa.

Naandika haya kwa sababu nimepona, na kwa sababu bado nina hasira, na nadhani vyote viwili vinaweza kukufaa. Habari za vijidudu muulize daktari. Mimi nitakueleza habari za makalio, masikio na mama mkwe.

Jina langu Skolastika, lakini hata padri ananiita Skola. Ni fundi cherehani. Kabla ya kuugua nilikuwa nashonea kwenye baraza ya duka la Mzee Salumu, karibu na soko. Yeye aliuza vitenge na mashuka ndani, mimi nikashona nje, na mteja akitoka na kitambaa chake hakuwa na haja ya kwenda mbali. Mwanawe Yasini alikuwa Afrika Kusini akitafuta maisha kwenye duka la binamu zake. Mwaka mmoja alikuja kumsalimia baba yake mwezi wa saba, katika baridi yetu ile inayowafanya wageni wa kutoka Dar walale na soksi, akawa anashinda nami barazani anaota jua na kunihadithia mambo ya huko. Alikuwa anakohoa. Tulisema ni baridi. Yasini ni mcheshi, tulicheka mwezi mzima, na nadhani kila alipocheka alinigawia kidogo.

Hakuna aliyethibitisha hilo, na sijawahi kumlaumu. Lakini mvua zilipoanza mimi nilikuwa nakohoa, na yeye, tulikuja kujua baadaye, alikuwa amelazwa hukohuko alikorudi. Ugonjwa ulikuwa umesafiri kutoka mwisho wa bara hadi baraza ya Sumbawanga bila pasipoti, na mpakani Tunduma hakuna aliyeuuliza kitu.

Mwanzo nilipewa dawa za kawaida. Nilizimeza toka Krismasi mpaka ulezi unavunwa, na badala ya kunenepa nikawa napungua. Sketi nilizojishonea mwenyewe nilizibana kiunoni, nikazibana tena, mwishowe nikachoka nikaanza kufunga kamba. Makohozi yangu yakapelekwa Mbeya yakakaa huko, majibu yakarudi mwezi wa nane, upepo wa vumbi ukiwa umeshaanza. Ndiyo siku ile ya korido.

Nyumbani mambo yalibadilika haraka. Tunaishi upande wa Kaengesa, kwenye nyumba moja na mama yake Deusi, na mashamba ya mahindi na ulezi yako nyuma ya nyumba. Dada yangu wa Mwimbi aliwachukua watoto wetu wawili, Tadea na mdogo wake, wasije wakaambukizwa. Nilipewa chumba chenye dirisha kubwa, Deusi akahamia kingine. Ndugu wengine walitaka twende kuuliza ni nani kanitupia, maana kwetu hilo halikosi mtu wa kulisema. Mama mkwe hakutaka habari za waganga, ni mtu wa kanisa, lakini alinitengea kikombe, sahani na kijiko, akavifunga kwenye kitambaa chekundu visichanganyike na vya wengine. Nilimwambia tabibu amesema vyombo haviambukizi. Alijibu kwamba tabibu hali nyumbani kwake.

Nilipelekwa hospitali ya mbali, kaskazini kwa Wachaga, ili nianzishiwe dawa kali. Wodini waliposikia natokea Sumbawanga, mji unaosifika kwa uchawi, hawakuniacha nipumue. "Jamani, wa Sumbawanga kafika," mmoja alisema, "laleni na viatu, asubuhi tusijikute tuko juu ya ungo." Niliwaambia ningekuwa na ungo nisingekuja kwa basi nikitapika njia nzima. Wakacheka wote, wakakohoa wote, na toka siku hiyo nikawa mwenzao.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Rehema wa Tabora, msichana mrefu, mwenye redio ndogo asiyoachana nayo hata akienda kuoga. Sote wawili tulikuwa tunachomwa sindano kila siku isipokuwa Jumapili. Wiki za mwanzo unachagua upande, leo kushoto, kesho kulia. Baadaye pande zote zinakuwa ngumu kama ubao na hakuna cha kuchagua. Tulikula tumesimama, tukalala kifudifudi. Vidonge vilivyofuatana na sindano vilinigeuza rangi, nikawa mweusi wa kung'aa kama sufuria ya maharage, na niliogopa watoto wangu wakiniona watakimbia. Niseme ukweli, kuna asubuhi nilitamani kufa. Nilikuwa namsikia muuguzi anavuta kitoroli chake mwisho wa wodi, nikaanza kulia kabla hajafika.

Kisha masikio yakaanza kupiga mlio mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Niliuliza, nikaambiwa ni dawa, utaisha. Rehema naye aliulizia wake, akaambiwa hivyohivyo. Alianza kuongeza sauti ya redio, wenzetu wakamgombeza, akasema betri zimeisha. Akanunua mpya. Baada ya wiki akasema na hizo zimeisha.

Niliruhusiwa mvua za kwanza zilipoanza, niendelee na sindano kwenye zahanati ya karibu na nyumbani. Kila asubuhi nilipanda bodaboda, nikakaa upande upande kama mzigo wa mkaa, nikachomwa, nikarudi kwa miguu kwa sababu kukaa tena sikuweza. Nilikuwa nimeacha kukohoa. Niliona nimeshinda.

Hapa nieleze jambo moja kwa wasio wa kwetu. Kwetu Ufipa mtu mwenye adabu hapigi kelele mlangoni pa mwenzake. Anasimama nje, anakunja magoti kidogo, anapiga viganja taratibu, na anasubiri aliye ndani amwitikie kwa viganja vyake. Asipoitikiwa haingii. Kuingia hivihivi ni ukorofi, na kutomwitikia anayepiga viganja ni tusi linaloweza kumfanya mtu ahame hata ukoo.

Mwezi wa kumi na mbili shangazi yake Deusi, Shangazi Veronika, alitembea kutoka kijiji cha pili na kuku kwapani, kuja kuniona mgonjwa. Nilikuwa peke yangu jikoni, nimeupa mlango mgongo, nakoroga uji. Alipiga viganja. Akasubiri. Akapiga tena, manyunyu yanamlowesha, na kwa macho yake ananiona nakoroga uji wangu. Mwishowe akageuka na kuku wake, akarudi kwao.

Kumbe hakuwa wa kwanza. Wanawake wawili wa jumuiya yetu walikuwa wameshalalamika chinichini kwamba Mama Tadea siku hizi anajisikia, tangu apande basi kwenda kwa Wachaga. Mama mkwe alikuwa amenitetea kwao mpaka akachoka. Ilipofika zamu ya shangazi hakuwa na la kusema, akaitisha kikao Jumapili baada ya misa.

Tulikaa uani, jua limetoka, watu wanne tu: mama mkwe, shangazi, Deusi na mimi. "Mimi si mtoto," Shangazi Veronika alianza. "Nimepiga viganja mlangoni pa mke wa mwanangu, ananipa mgongo. Kama ni ugonjwa, ugonjwa hauondoi adabu."

"Mama Tadea," mama mkwe aliniambia, "mjini ndiko walikokufundisha hivyo?"

Niliapa kwamba sikumsikia. Hawakuniamini, maana pale pale nilikuwa nawasikia vizuri wote watatu. Mama mkwe aliinuka akapita nyuma yangu, nikadhani anaenda jikoni. Niliendelea kujitetea kwa shangazi. Halafu nikaona uso wa Deusi unabadilika. Shangazi naye akaacha kunitazama mimi, akawa anatazama nyuma yangu, mkono mdomoni. Niligeuka. Mama mkwe alikuwa amekunja magoti, karibu kabisa na kiti changu, anapiga viganja. Sijui alikuwa ameanza lini.

Kisha shangazi akaanza kulia, akasema kuku atamleta kesho.

Nilikuwa nimepita hospitali, kliniki na zahanati, na kote huko hakuna aliyekuwa amenipima masikio. Aliyenipima ni mama mkwe wangu, akitaka kunikamata na kosa. Asubuhi yake nilikikuta kikombe changu kwenye karai pamoja na vikombe vingine, kitambaa chekundu hakipo.

Nilimpigia Rehema. Simu ikakatwa, nikapiga tena, ikakatwa tena. Ukaja ujumbe: "Dada Skola usinipigie sisikii tena. Niandikie. Redio nimempa mdogo wangu." Nilikaa na ule ujumbe kutwa. Rehema alikuwa na umri wa kuolewa. Nilimwandikia maneno ya kumtia moyo na kila neno niliona la uongo, nikawa nayafuta.

Siku chache baadaye Yasini naye akanitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa amesikia kwa baba yake kwamba naumwa kile alichoumwa yeye. Niliweka simu kwenye sikio la kulia, lile zima kidogo. Alisema, "Da Skola, pole sana. Ila usiogope, mimi nimeongezeka mpaka suruali hazinitoshi. Vidonge tu, dada, meza na chakula. Mzee ananiambia unachomwa sindano. Sindano gani tena? Huku walishaziacha hizo, wanasema zinaua masikio. Mimi sijachomwa hata moja."

Niliusikiliza tena na tena mpaka Deusi akaninyang'anya simu. Ugonjwa uleule, kutoka mapafu yaleyale, watu wawili wa baraza moja. Tofauti yetu ilikuwa mahali tulipokohoa.

Nataka uelewe hasira yangu. Cherehani yangu imetoka China. Vitenge vya Mzee Salumu vinatoka huko huko, na mtindo mpya ukivaliwa Dar leo, kesho kutwa mteja ananionyesha picha kwenye simu anataka wa kwake. Sokoni kwetu utapata koti la mzungu aliyekufa, likiwa na leso yake mfukoni. Mahindi yetu yanavuka kwenda Kongo na Zambia, malori kwa malori. Vitu vyote vya dunia vinajua njia ya Sumbawanga. Hata habari kwamba sindano ile inaua masikio ilijua njia, ilinifikia kitandani kwa sauti ya Yasini. Ni kidonge tu kilichopotea njia, kidonge ambacho ungeweza kukificha chini ya ulimi. Usije ukaniambia barabara ni mbovu.

Yasini alitaka kunisaidia. Alisema atanigawia vidonge vyake, avikabidhi kwa madereva wa malori mpaka Tunduma, na Deusi akavichukulie huko. Deusi alikubali kabla hajamaliza kusikiliza. Mimi nilikataa, na tuligombana vibaya kuliko siku zote tangu tuoane.

"Unataka nikuzike kwa sababu ya jeuri?" alisema.

"Vile ni vya Yasini. Akinipa nusu, tutapona nusu, tutakufa kwa zamu."

"Sasa unataka nini, Skola?"

"Nataka vyangu."

Alitoka akaenda shambani kuinua matuta, na hatukusemeshana mpaka Jumapili. Simlaumu Deusi. Alikuwa anaona mke, mimi nilikuwa naona Rehema.

Jumatatu nilikwenda zahanati nikameza vidonge vyangu vyote mbele ya muuguzi. Alipovuta dawa kwenye bomba la sindano nikamwambia, "Hiyo basi, dada. Leo sitachomwa." Alidhani natania. Aliponiona siipandishi sketi aliweka bomba mezani. "Mama Tadea, ukiacha utakufa. Na utaambukiza watu." Nilimwambia siachi dawa, naacha sindano mpaka mtu apime masikio yangu. Alikuwa mwanamke mwema na alikuwa ameogopa. Aliipigia simu kliniki ya mjini palepale, na mimi nikatoka kwenda huko kabla hawajanifuata.

Wewe unayesoma ukiwa katikati ya dawa, usinielewe vibaya. Sikwambii uache kitu. Sikuruka hata kidonge kimoja, hata siku nilizokitapika nikaomba kingine. Nilichokataa ni kuharibiwa kimyakimya wakati wanaoharibu wanajua.

Maana walijua. Tabibu wa kliniki, kijana wa Kyela mpole sana, alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. "Mama, hata mimi najua habari za hivyo vidonge," alisema. "Viko nchini, vichache. Wanapewa ambao sindano imeshawaharibia."

"Yaani nikishakuwa kiziwi ndipo nirudi?"

Akasema hata kuthibitisha kwamba masikio yameanza kuharibika kunahitaji mashine, mashine iko Mbeya, na wa kuniruhusu kwenda ni mganga mkubwa wa hospitali, ambaye ana kazi nyingi. Nikakaa kwenye benchi la korido. Nikarudi kesho yake nikakaa. Sijui kama umewahi kuketi kwenye benchi la hospitali na makalio yenye majipu ya sindano, lakini nilikaa. Mganga mkubwa alipita mara nyingi, akatusalimia wote kwa pamoja, akaingia ofisini.

Wiki iliyofuata mama mkwe alisema anakwenda na mimi. Alivaa kitenge chake cha Pasaka na viatu vya kufunga, tukapanda basi dogo. Tulipofika hakukaa kwenye benchi. Aliuliza ofisi ni ipi, akaenda mlangoni, akakunja magoti, akaanza kupiga viganja.

Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani walikuwa wanaongea. Yeye akapiga taratibu, akasubiri, akapiga tena. Karani mmoja akamwambia, "Bibi, gonga tu, au kaa usubiri." Hakugeuka. Akapiga. Watu wa mabenchi walikuwa Wafipa karibu wote, na niliona jinsi walivyoacha kuzungumza mmoja mmoja. Bibi wa makamo yale amekunja magoti mlangoni anapiga viganja, na hakuna anayemwitikia. Mzee mmoja alisimama akavua kofia. Mwanamke mwenye mtoto akasema kwa Kifipa, kwa sauti, kwamba hajaona aibu ya namna hii tangu azaliwe. Mimi viganja vyenyewe sikuvisikia. Nilikuwa naviona.

Mlango ukafunguliwa. Mganga mkubwa ni mzaliwa wa Nkasi, na alikuwa anavisikia muda wote. Jasho lilikuwa limemtoka. Alisimama kizingitini, akakunja magoti yake ndani ya suruali ile ya kupigwa pasi, akapiga viganja kumwitikia. "Shikamoo mama. Nimeitika. Sema."

"Marahaba. Mimi sina neno," mama mkwe alisema. "Mwenye neno ni huyu mkwe wangu. Mimi nimekuja kumbishia hodi tu, maana yeye masikio mmeyachukua."

Nilisema yangu palepale koridoni, mbele za watu, kwa hasira na si kwa woga. Hakujitetea. Alisema gari la vipimo linakwenda Mbeya Alhamisi na nitakuwa ndani yake.

Huko Mbeya nilivishwa vidude masikioni nikaambiwa nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilikaa nasubiri mlio. Baadaye mpimaji akanionyesha kwamba alikuwa ameshapiga mingi. Sikio la kushoto lilikuwa limekwenda, la kulia lilikuwa njiani. Siku hiyo sindano ilisimamishwa rasmi, na jina langu likaingizwa kwa wanaosubiri vidonge vipya.

Kusubiri huko ndiko kulikokuwa kugumu kuliko sindano, nisikudanganye. Dawa zilizobaki zilikuwa pungufu, na kila nilipokohoa nyumba nzima ilinyamaza. Deusi alikuwa anaamka kunisikiliza kifua. Mahindi yakafika kiunoni, yakachanua, na bado. Wifi yangu anayekaa Kipili, kando ya ziwa, alikuwa ananitumia migebuka mibichi kila gari likipanda, mama mkwe akaikaanga akanipa vipande vya tumbo, vyenye mafuta. Kwa samaki wale na kwa ukaidi nilifika mwezi wa tano. Mara mbili Yasini aliandika kuuliza kama nimebadili mawazo. Mara ya pili nilikaribia kusema ndiyo.

Vidonge vilifika watu wanavuna ulezi. Tabibu wa Kyela alinimwagia kimoja kiganjani, nikakiangalia. Kilikuwa cheupe, cha kawaida kabisa. Nilifikiri nitafurahi. Nililia kwa uchungu, nikamwambia, "Ni haka?" Akasema ni haka. Nikakameza.

Nilipona mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimekolea. Watoto walirudi kutoka Mwimbi, na mdogo alinizunguka siku nzima kabla ya kukubali kwamba mtu mweusi yule ni mama yake. Rangi yangu ikarudi polepole. Yasini alikuwa ameshapona zamani, ana masikio yake yote mawili, na ninamfurahia kwa moyo mweupe. Mimi nimebaki na sikio moja, na furaha nusu ya yake. Ndege siwasikii. Simu naibana kifuani ili niihisi ikitetemeka. Tadea akininong'oneza siri yake lazima anizunguke upande wa kulia, na akikasirika anainong'oneza kushoto kusudi.

Juzi juzi wageni wa shirika moja la nje walifika Sumbawanga, wakaandaa semina kwenye ukumbi wa hoteli, na kliniki ikanipeleka nikatoe ushuhuda. Niliomba kiti cha mbele, upande ambao sikio langu lingewaelekea. Walionyesha picha za ndege za mizigo na maboksi ya dawa. Mama mmoja wa Kizungu, mwenye uso mzuri, alinishika mikono yote miwili, akasema kwa mkalimani kwamba nimemgusa sana, na anataka niwaeleze wafadhili nilipata wapi uvumilivu mkubwa namna ile.

Mikrofoni ikaletwa. Watu walikuwa wameshaanza kutabasamu.

"Mwambie asante kwa vidonge," nilimwambia mkalimani. "Na mwambie mimi sikuvumilia. Nilikataa. Ndiyo maana bado nasikia anachosema."

Mkalimani alinitazama kwanza, kama anayejiuliza aitafsiri yote au aipunguze. Nilimwambia asipunguze hata neno.